Kilo 24 na Kilo 24,000

Mwaka 1994 Denmark ilitumia kilo 24 za vankomisini kutibu watu. Mwaka huohuo mifugo ya nchi hiyo ililishwa kilo 24,000 za avoparsini. Dawa ya kwanza iliandikwa na daktari, ikateremka taratibu kwenye mshipa wa mgonjwa ambaye dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kumponya. Ya pili ilichanganywa kwenye chakula kiwandani, kiasi kidogo kila siku, wakalishwa kuku na nguruwe wasioumwa chochote ili wanenepe upesi. Kwenye madaftari ya serikali hizi zilikuwa dawa mbili, moja ya watu na moja ya mifugo. Bakteria hawakuona tofauti.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha uroho wa wafugaji. Mimi nakisoma vingine. Wafugaji wa Denmark walifuata sheria, na sheria ilikuwa imetungwa na watu makini baada ya uchunguzi wa kweli. Walipokosea watunzi ni hapa: walilinda majina ya dawa na majina ya vimelea, ilhali kinachosafiri ni kipande cha DNA, nacho hakina habari na majina.

Tuanze na dawa yenyewe. Vankomisini ilitoka udongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mmisionari aliyekuwa Borneo alimtumia rafiki yake, mkemia wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, udongo wa msituni. Ndani yake mlikuwa na bakteria aliyetoa kemikali ya kuua bakteria wengine waitwao stafilokoki, nao stafilokoki wakati huo walikuwa wameanza kuizoea penisilini. Dawa ya kwanzakwanza ilikuwa chafu na ya rangi ya kahawia, hata waliokuwa wakiitengeneza wakaiita tope la Mississippi. Marekani iliiruhusu mwaka 1958. Punde si punde ikaja methisilini, safi zaidi na rahisi kutumia, na vankomisini ikawekwa kando. Ilirudi kwa kishindo stafilokoki sugu kwa methisilini walipojaa mahospitalini. Kufikia miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa dawa ya mwisho: ikishindwa hiyo, daktari hana pengine pa kukimbilia.

Inavyofanya kazi ni muhimu kwa kisa hiki. Bakteria wa kundi la stafilokoki na enterokoki hujizungushia ukuta mnene uliojengwa kwa minyororo ya sukari, na minyororo hiyo hufungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Kila kipande kipya huishia na alanini mbili. Vankomisini huzing'ang'ania alanini hizo mbili za mwisho, kipande kisiweze kuungwa na kingine, ukuta ukabaki dhaifu na seli ikafa. Dawa nyingi hushambulia kimeng'enya fulani, na bakteria akibadilisha kimeng'enya hicho kidogo tu amepona. Vankomisini hushika malighafi ya ukuta. Kuikwepa kungemlazimu bakteria abadilishe namna anavyojenga ukuta wote, kazi ambayo haiwezi kufanywa na badiliko moja la bahati. Kwa sababu hiyo wengi waliamini kwamba usugu hautakuja, na kwa karibu miaka thelathini waliokuwa wakiamini hivyo hawakukosolewa.

Sasa sheria. Katika miaka ya 1960 nchini Uingereza, mtaalamu wa vimelea vya tumbo aliyeitwa E. S. Anderson alifuatilia salmonela waliokuwa wakiua ndama mashambani. Aliona kuwa salmonela hao walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo, na kwamba usugu huo ulihama mzimamzima kutoka bakteria mmoja hadi mwingine walipogusana. Wajapani walikuwa wameshakutana na jambo hilohilo katika kuhara damu miaka ya 1950. Anderson alipiga kelele hadi serikali ikaunda kamati chini ya profesa Michael Swann, na ripoti yake ikatoka Novemba 1969. Ilitoa kanuni iliyoathiri Ulaya nzima: dawa ya kukuza mifugo iwe ile isiyo na kazi, au yenye kazi ndogo sana, katika kutibu watu na wanyama, tena isije ikaharibu nguvu ya dawa ya tiba kwa kuzalisha vimelea sugu.

Isome tena uone kuwa ina vipengele viwili. Kipengele cha kwanza ni rahisi kukagua: unafungua orodha ya dawa za hospitali na kutafuta jina. Cha pili kinadai maabara, muda, na mtu wa kuuliza maswali ambayo hayana majibu tayari. Ofisi yoyote yenye kazi nyingi mezani itakagua kile cha kwanza.

Avoparsini ilipita kwenye mwanya huo. Haikuwa kwenye orodha ya dawa za binadamu, na hakuna hospitali iliyokuwa ikiihitaji. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ilianza kulishwa mifugo katika nchi nyingi za Ulaya. Lakini ni ya familia moja na vankomisini, ile inayoitwa glikopeptidi, na inashika alanini zilezile mbili kwa namna ileile. Bakteria atakayejifunza kuikwepa avoparsini bandani atakuwa ameshajifunza kuikwepa vankomisini wodini. Wataalamu wa kemia walilijua umbo lake. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza umbo hilo lina maana gani siku vankomisini itakapohitajika, maana wakati huo ilikuwa haihitajiki sana.

Onyo lilitoka upande ambao Ulaya Magharibi haikuwa na desturi ya kuusikiliza. Mwaka 1983 Ujerumani Mashariki ilianza kulisha nguruwe dawa iitwayo nurseothrisini. Ilikuwa dawa ya mifugo tupu: binadamu hakupewa kamwe, wala haina undugu na dawa za binadamu. Kwa hiyo popote ambapo usugu dhidi yake ungeonekana, asili yake ingekuwa zizini, hakuna ubishi. Miaka miwili baadaye usugu ulionekana kwa bakteria aina ya E. koli katika matumbo ya nguruwe na katika nyama. Kufikia 1990 ulikuwa kwa wafugaji, kwa familia zao, kwa watu wa mijini, na kwa wagonjwa wenye maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1987 ulikutwa kwa shigela, bakteria wa kuhara damu ambaye kwa kawaida huishi kwa binadamu na jamaa zake nyani tu, hana biashara yoyote na nguruwe. Shigela hakwenda zizini kuufuata usugu huo. Jeni yake ilikuwa ndani ya transposoni, yaani kipande cha DNA chenye uwezo wa kujing'oa au kujinakili kutoka mahali kilipo na kujipachika pengine, na kipande hicho kilipanda mlolongo wa bakteria kutoka tumbo la nguruwe hadi la mtu. Kama kuna jaribio moja ambalo watunga sheria wa mifugo wangepaswa kulisoma kabla ya kulala, ni hilo.

Wakati huo enterokoki walikuwa wameshaanza. Mwaka 1988 ripoti zilitoka Ufaransa na London za wagonjwa waliokuwa na enterokoki wasioguswa na vankomisini. Enterokoki ni wakazi wa kawaida wa utumbo, wa watu na wa wanyama, na kwa mtu mwenye afya hawana neno. Kwa mgonjwa aliyedhoofika wanaweza kuingia kwenye damu, kwenye mkojo, kwenye vali za moyo. Kilichowashangaza wataalamu ni ukubwa wa usugu wenyewe. Bakteria hawa walikuwa wanaishi ndani ya vankomisini kana kwamba haipo.

Patrice Courvalin na wenzake wa Institut Pasteur mjini Paris waliufungua mtambo huo, na mwaka 1993 wakautangaza kwa jina la Tn1546: transposoni yenye jozi 10,851 za besi na jeni tisa. Jeni mbili kati ya hizo hazihusiki na dawa hata kidogo. Kazi yake ni kuhamisha transposoni. Nyingine mbili hupeleleza kama kuna dawa nje na kuwasha zile zilizobaki. Kisha inakuja kazi yenyewe, na kwa kweli ni ufundi wa kutisha. Kimeng'enya cha kwanza hutengeneza asidi ya lakti. Cha pili, VanA, huiunganisha na alanini, ili kipande cha ukuta kiishie na alanini moja na lakti moja badala ya alanini mbili. Cha tatu huzunguka kikikata alanini mbilimbili za zamani ili zisibaki za kushikwa. Badiliko hilo linaondoa kiungo kimoja cha haidrojeni, na nguvu ya vankomisini kushika hupungua mara elfu moja hivi. Ukuta unasimama, dawa inapita.

Hakuna enterokoki aliyebuni mpango kama huo katika miaka thelathini. Ulikuwepo tayari. Bakteria wa udongoni wanaotengeneza glikopeptidi wanahitaji kujikinga na sumu yao wenyewe, na ndani yao zimekutwa jeni zilezile tatu kwa mpangilio uleule. Hao ni aktinomaiseti, ukoo uliotengana na ukoo wa enterokoki zamani kabla hajakuwepo mnyama yeyote duniani. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walipata jeni za namna hiyo kwenye udongo ulioganda wa Yukon, wenye umri wa miaka 30,000. Bakteria wengine wa udongoni, wa jenasi Paenibacillus, wanabeba kundi la jeni linalokaribiana zaidi na lile la enterokoki, kwa hiyo yaelekea safari ilikuwa na vituo njiani. Tena liko jambo moja la kukereka: mwaka 2004 Julian Davies na wenzake walipima avoparsini ya daraja la chakula cha mifugo, wakakuta imechanganyika na DNA ya jeni za usugu za bakteria aliyeitengeneza. Haikuthibitika kwamba ni DNA hiyo iliyowafikia enterokoki. Ila kiwanda kilikuwa kinauza sumu na kinga yake katika gunia moja.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: bakteria wa koo za mbali hivyo wanapokeanaje jeni? Kwa kawaida hawapokeani. DNA ngeni ikiingia kwenye seli hukutana na vimeng'enya vya kuikatakata. Ikinusurika, ili ikae inahitaji kuungana na kromosomu ya mwenyeji, na muungano wa kawaida hudai mfanano: mahali ambapo mpangilio wa DNA ya mgeni na wa mwenyeji unalingana. Kwa ndugu wa karibu mfanano upo. Kwa bakteria wa ukoo wa mbali haupo. Plasmidi, ile DNA ya duara inayojitegemea nje ya kromosomu, haihitaji mfanano, lakini ina shida yake: inahitaji mitambo ya mwenyeji ili ijinakili, na mitambo ya mwenyeji mgeni mara nyingi haiitambui. Seli zinagawanyika, plasmidi inabaki nyuma, baada ya vizazi vichache imepotea.

Transposoni inaruka kizingiti hicho. Kimeng'enya chake hutambua ncha mbili za transposoni yenyewe, kwa Tn1546 ni jozi 38 za besi kila upande zinazotazamana, na hakijali sana DNA ya pale inapopachikwa. Inahitaji tu kufikishwa mlangoni, hata na plasmidi ambayo itakufa saa ileile. Haya ndiyo yaliyofanya swali la miaka ya 1990 liwe la kuogofya: Tn1546 iko kwa enterokoki, bakteria mpole, itachukua muda gani kumfikia stafilokoki, yule ambaye vankomisini iliwekwa akiba kwa ajili yake?

William Noble na wenzake wa London hawakutaka kusubiri. Mwaka 1992 walichapisha matokeo ya jaribio: waliwaweka enterokoki sugu pamoja na Staphylococcus aureus, kwenye vyombo vya maabara na kwenye ngozi ya panya, na usugu ukavuka. Wako waliosema jaribio lilikuwa la hatari na halikupaswa kufanywa. Wengine walisema maabara si hospitali. Mimi naona lilikuwa onyo bora kabisa lililopata kutolewa katika habari hii, na lilitolewa miaka kumi kabla.

Tena kulikuwa na sababu ya kutoshangaa. Enterokoki wana tabia ya ajabu: asiye na plasmidi fulani hutoa kijipeptidi kinachoitwa feromoni, na mwenye plasmidi akikinusa hujitengenezea protini za kunata, wakashikana, DNA ikavuka. Don Clewell wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyezichunguza feromoni hizo kwa miaka mingi, aligundua na wenzake katika miaka ya 1980 kwamba Staphylococcus aureus naye hutoa peptidi inayowaamsha enterokoki wenye plasmidi mojawapo ya namna hiyo. Yaani bakteria wa ukoo mwingine alikuwa akiwaita bila kukusudia.

Ilitokea Juni 2002, na ilitokea Michigan. Mgonjwa wa kisukari, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa na alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, alikutwa na stafilokoki sugu kabisa kwa vankomisini pale mrija ulipoingia mwilini. Alikuwa na kidonda cha mguu cha muda mrefu, na humo walikutwa stafilokoki huyo na enterokoki wenye jeni ya vanA wakiishi pamoja. Wataalamu wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na wenzao waliposoma DNA ya stafilokoki huyo, katika taarifa iliyotoka mwaka 2003, walikuta Tn1546 imekaa ndani ya plasmidi ya aina ya kistafilokoki. Plasmidi ya enterokoki iliyoileta haikuwemo. Ilikuwa imefika kwa mwenyeji asiyeweza kuitunza, na kabla haijapotea transposoni iliruka, kama abiria anayedandia jahazi la wenyeji wakati lile alilokuja nalo linazama bandarini. Wala plasmidi aliyoidandia haikuwa ya kulala nanga: ni ya aina inayoweza kuhama yenyewe kutoka stafilokoki hadi stafilokoki.

Kwa bahati njema hawakuenea. Hadi 2015 Marekani ilikuwa imehesabu wagonjwa 14 wa namna hiyo, zaidi ya nusu wakiwa wa Michigan, na haikuonekana kwamba yeyote alimwambukiza mwingine. Kumbuka lakini kwamba karibu kila mara uvukaji ulitokea upya, ndani ya mgonjwa huyu na huyu, mahali ambapo enterokoki sugu, stafilokoki na dawa vilikutana kwa muda mrefu.

Hapa inabidi kuwa waaminifu, maana watetezi wa avoparsini walikuwa na hoja moja nzito. Marekani haikuiruhusu avoparsini hata siku moja. Hata hivyo, huko ndiko enterokoki sugu walikofurika mahospitalini: kati ya maambukizi ya enterokoki yaliyopatikana hospitalini, wale sugu kwa vankomisini walipanda kutoka asilimia 0.3 mwaka 1989 hadi 7.9 mwaka 1993. Chanzo kilikuwa vankomisini yenyewe, iliyotolewa kwa mkono mwepesi. Ulaya mambo yalikuwa kinyume: hospitali zilikuwa na wagonjwa wachache, ila enterokoki sugu walikutwa kwa watu wazima wa afya mitaani, kwa kuku, kwenye nyama buchani. Kundi la Oxford lilianza kuwaripoti wanyama wa kufugwa kama chimbuko mwaka 1993, Wajerumani wa Wernigerode na Wadenmark wakafuata. Watetezi wakasema: basi tatizo ni hospitali, mwacheni mkulima. Hoja hiyo ina sura ya mantiki lakini inadhani usugu una mlango mmoja. Marekani iliufungua mlango wa wodini, Ulaya ikaufungua wa bandani, na kilichoingia kwa milango yote miwili ni transposoni ya aina moja.

Denmark ilipiga marufuku avoparsini Mei 1995, Norwei mwaka huohuo, Ujerumani mwanzoni mwa 1996, na Umoja wa Ulaya mzima mwaka 1997. Kwa kuku wa Denmark mambo yalikwenda vizuri. Kati ya enterokoki wa aina ya faecium waliochukuliwa kwa kuku wa nyama mwaka 1995, asilimia 72.7 walikuwa sugu. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 5.8.

Kwa nguruwe hapakuwa na nafuu. Mwaka 1995 kama asilimia 20 walikuwa sugu, 1997 bado asilimia 20. Avoparsini haikuwepo tena kwenye chakula, na usugu umekaa palepale. Frank Aarestrup na wenzake walipochunguza, walikuta jeni ya usugu wa vankomisini imefungamana kwenye DNA moja na jeni ya usugu wa dawa nyingine kabisa, tailosini, ambayo nguruwe walikuwa bado wanalishwa. Hizi dawa mbili hazina undugu wa kemia. Undugu wao ulikuwa wa kukaa pamoja tu. Kila mlo wenye tailosini ulimpa nafasi bakteria mwenye jeni hizo mbili, na usugu wa vankomisini ukabebwa bure. Tailosini ilipopunguzwa mwaka 1998 na 1999, nguruwe nao wakashuka hadi asilimia 6 mwaka 2000. Nimeipenda sehemu hii kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba hata aliyejifunza somo la kwanza, kuangalia familia ya dawa badala ya jina, bado anaweza kunaswa. Usugu unaweza kulindwa na dawa usiyoidhania.

Tailosini hiyo si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Iko kwenye rafu za maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, mara nyingi ikiwa pakiti moja na doksisaiklini. Mfugaji ambaye kuku wake wanakoroma huinunua bila karatasi ya daktari wa mifugo, huikadiria kwa kijiko kwenye maji, na anaendelea kuuza mayai. Simlaumu, kwa maana kuku wakifa ni ada ya watoto inayokufa, na bwana mifugo wa kata ana eneo kubwa kuliko pikipiki yake. Tanzania na Kenya zote zilikuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa kufikia 2017. Mipango hiyo ni mizuri. Lakini mwenye duka anajua dawa kwa jina la pakiti na kwa ugonjwa inaotibu, na hakuna pakiti inayosema ni jeni gani nyingine itakayofaidi.

Norwei ilikuta somo la tatu. Miaka mingi baada ya marufuku, kwenye mashamba ya kuku yaliyowahi kutumia avoparsini, enterokoki wenye vanA walikuwa bado wapo, kwa kuku na kwa wafugaji wenyewe, bila dawa yoyote ya kuwabakisha. Plasmidi zao zilionekana kubeba jeni pacha za sumu na kiuasumu. Sumu hudumu muda mrefu ndani ya seli, kiuasumu huoza upesi na lazima kitengenezwe kila wakati. Seli changa ikizaliwa bila plasmidi imerithi sumu bila kiuasumu, nayo hufa. Kwa hiyo walio hai ni wenye plasmidi, na plasmidi ina vanA ndani yake, hata kama hakuna anayeihitaji.

Ungedhani baada ya yote hayo mwanya wa mwaka 1969 umezibwa. Umoja wa Ulaya ulikataza dawa zote za kukuza mifugo za jamii ya antibiotiki kuanzia Januari 2006. Kwingineko, kolistini ilikuwa inafuata njia ileile ya avoparsini. Ni dawa ya miaka ya 1950 iliyoachwa kwa binadamu kwa sababu inaumiza figo, ikawa kwa vitendo dawa ya mifugo. Wodini ilirudi bakteria waliposhinda dawa nyingine zote. Usugu dhidi yake ulijulikana, lakini ulikuwa wa mabadiliko kwenye kromosomu, usiohama kwa jirani, na hilo likachukuliwa kuwa dhamana. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, iliyokutwa kwenye plasmidi za E. koli wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa. Jeni za familia hiyo zinaelekeza kwa bakteria wa jenasi Moraxella. Kilichoibeba ni ISApl1, mfuatano mdogo wa kuruka ambao kwanza ulijulikana kwa kimelea cha mapafu ya nguruwe. Yaani kirukaji cha bakteria mmoja kilichota jeni ya wa pili kikaipachika kwenye plasmidi ya wa tatu.

China iliiondoa kolistini kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, na watu waliobeba E. koli wenye mcr-1 matumboni walipungua katika miaka iliyofuata. Hawakwisha. Katika plasmidi nyingi zinazosomwa sasa ISApl1 haimo tena. Ilishapotea na jeni ikabaki. Mtaalamu anayetafuta alama ya kuruka haioni. Anaona jeni iliyotulia ndani ya plasmidi, inayohama nayo kutoka E. koli hadi salmonela hadi klebsiela.